Hati unayo, lakini kodi ya jengo haijaisha

Ndugu zangu mlio nyumbani, tangu habari ya yule bibi wa miaka 94 wa Minnesota, huku Marekani, izagae mnauliza: inakuwaje serikali iipige mnada nyumba ya mtu kwa deni la kodi la dola elfu mbili na kitu, hata kama mkopo wa nyumba kaumaliza hadi senti ya mwisho na hati anayo? Inawezekana, na mnada wenyewe ni halali kabisa. Tena wengi wanaopoteza nyumba namna hii ni wale waliokwisha kumaliza mkopo, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kodi ninayoisema ni ya jengo na ardhi, wala si ya pango. Tanzania hukatwa kidogo kidogo kila mwezi mtu anaponunua umeme wa LUKU, hata husikii uchungu. Marekani inakokotolewa kwa thamani ya nyumba yako na bili inakuja ya mwaka mzima, maelfu ya dola. Inaendesha shule za umma, polisi na zimamoto wa eneo lenu. Kwa kuwa fedha hiyo inategemewa hivyo, sheria imeipa nafasi ya mbele: deni la kodi ya jengo hulipwa kabla hata ya deni la benki iliyokukopesha.

Ukiwa bado na mkopo, kwa kawaida benki inakukata kodi hiyo pamoja na rejesho la kila mwezi, inaiweka kwenye akaunti iitwayo eskro, kisha yenyewe inailipa kaunti, yaani serikali ya eneo hilo. Mtu anaishi hivyo miaka 30 bila kuiona bili hata siku moja. Siku mkopo unapoisha, eskro inafungwa, na kuanzia hapo bili ni yako. Kesi ya Gary Jones wa Little Rock, Arkansas, inaonyesha jambo hili vizuri. Alilipa mkopo miaka 30, akamaliza 1997, na muda wote huo kodi ilikuwa inalipwa na kampuni ya mkopo. Baada ya hapo hakuna aliyeilipa. Yeye alikuwa ameshahama, anaishi kwingine mjini humo humo. Jimbo likatuma barua ya rejista kwenye nyumba ileile. Hakuna aliyesaini, ikarudi. Ikatumwa ya pili, nayo ikarudi. Nyumba ya thamani ya dola 80,000 ikauzwa kwa 21,042.15. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki: barua ikirudi, serikali haiwezi kukaa kimya na kuendelea kuuza, lazima ijaribu njia nyingine ya kumfikia mwenye mali, kama kubandika tangazo mlangoni. Ushindi huo ni mkubwa, lakini angalieni ulivyomgharimu: kesi mpaka mahakama ya juu kabisa.

Sasa muone deni linavyokua. Chukueni Texas, bili ya dola 6,000. Mwisho wa kulipa ni Januari 31. Februari 1 unaongezewa asilimia 7 kwa mpigo, 6 za adhabu na 1 ya riba, yaani dola 420 kwa kuchelewa siku moja. Kila mwezi inapanda. Ikifika Julai 1 adhabu na riba zimeshakuwa asilimia 18, deni ni 7,080. Hapo faili linaenda kwa mawakili, ambao wanaweza kuongeza hadi asilimia 20 juu ya hiyo jumla. Utadaiwa 8,496, na mwaka haujaisha. Kinachofuata ni kesi, hukumu, na mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi. Nyumba unayoishi unaweza kuikomboa ndani ya miaka 2, ila unamrudishia mnunuzi alichotoa na gharama zake, pamoja na asilimia 25 ukiwahi mwaka wa kwanza, au 50 ukiingia wa pili. Mtu aliyeshindwa kupata 6,000 ataipata wapi hiyo?

Majimbo hayafanani. Florida wanaanza kwa kuuza deni lako: mwekezaji analipa kodi kwa niaba yako, anapewa cheti chenye riba, na baada ya miaka 2 ana haki ya kuomba nyumba ipigwe mnada. Michigan wanangoja hadi Machi 31 ya mwaka wa tatu wa deni. Ikipita hapo hakuna kukomboa.

Kwa hiyo mwenye nyumba huku, au mwenye ndugu mwenye nyumba, afanye hivi. Mkopo ukiisha, wiki hiyohiyo aingie tovuti ya kaunti, atafute nyumba kwa namba ya kiwanja, aangalie anwani ya kutumiwa barua. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, kaunti ina daftari lake. Hili linawahusu sana wanaorudi nyumbani na kuacha mpangaji, kwa sababu bahasha ya kaunti mpangaji anaiona ni karatasi tu. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, mirathi ifunguliwe. Bili ya marehemu nayo inazaa riba.

Halafu kuna nafuu ambazo watu wetu hawaziombi. Texas, nyumba unayoishi mwenyewe inapunguziwa dola 140,000 za thamani kwenye kodi ya shule. Fomu ni bure, na leseni ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyo. Ukiona wamekadiria thamani kubwa mno, weka pingamizi kufikia Mei 15 au ndani ya siku 30 tangu wakutumie notisi, ile tarehe inayokuja baadaye. Aliyefikisha miaka 65 anaweza kuomba deni lisubiri wakati anaishi humo, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, ingawa warithi watalikuta lote. Na ukishachelewa, nenda ofisini uombe mkataba wa kulipa kwa awamu: kwa nyumba unayoishi ni haki yako, miezi 12 hadi 36, na ukiutimiza hawawezi kuuza. Usikimbilie kampuni za kukopesha fedha za kodi, riba yao inaweza kufika asilimia 18 kwa mwaka.

Jambo moja zaidi kwa wanaonunua nyumba mpya: mwaka wa kwanza mara nyingi kodi inatozwa kwa kiwanja kitupu. Mwaka wa pili nyumba inahesabiwa, eskro inapungukiwa, na rejesho la mwezi linapanda ghafla. Muulize muuzaji kodi itakuwa kiasi gani nyumba ikishathaminiwa.

Nirudi kwa yule bibi, Geraldine Tyler. Kodi aliyodaiwa ilikuwa kama dola 2,300. Adhabu, riba na gharama zikaifikisha 15,000. Kaunti ya Hennepin ikauza kwa 40,000 na kubaki na fedha yote. Mei 2023 majaji wote 9 wa Mahakama hiyohiyo ya Juu walisema hapana: kaunti ichukue kinachodaiwa tu, hiyo 25,000 iliyozidi ni mali yake. Lakini chenji hiyo kwa kawaida haikufuati. Unaiomba mwenyewe, kwa maandishi, na muda una kikomo. Texas ni miaka 2 tangu siku ya mnada, na fedha inakuwa kwa karani wa mahakama. Akikupigia mtu kusema atakusaidia kuipata kwa fungu nono, mpigie karani kwanza.