Punda wamejaa gatini, mzigo haupakiwi

SWALI: Maalim, asalaam aleikum. Juzi mbuzi wangu alikula maganda na majani ya muhogo mchungu niliyoyatupa nyuma ya nyumba. Saa haikutimia, akawa anahema kama aliyekimbizwa, akaanguka. Mume wangu akawahi kumchinja. Damu ikatoka nyekundu ya kung'aa, si ya kawaida. Nyama tumeizika. Mamangu mkwe asema ni kijicho. Kijana wangu wa Fomu Tatu asema ni sumu ya sayanidi, imeua kimeng'enya. Kimeng'enya gani hicho? Na mbona mnyama atwete, na hewa ya Lamu tele? – Mama wa watatu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Pole kwa mbuzi. Kijana wako yu karibu na kweli, na ile damu ndiyo shahidi.

Nenda gatini jahazi la simiti likishafunga. Mahamali wamejipanga, mfuko watoka mkono huu kwenda ule, na wa mwisho aupakia juu ya punda. Ndani ya seli mna vijumba viitwavyo mitokondria. Chakula kikishavunjwa, elektroni zake, chembe ndogo mno zenye umeme, hupokezanwa humo vivyo hivyo. Hamali wa mwisho ndiye huyo unayemuuliza: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, na jina lake saitokromu oksidesi. Punda ni oksijeni. Kila molekuli hupakiwa elektroni nne, yakatoka maji. Kupokezana huko ndiko kunakoendesha utengenezaji wa ATP, nguvu ya moyo na misuli. (Mjerumani Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1931 kwa kukichunguza kimeng'enya hiki. Wanafunzi wangu wa Malindi walimkumbuka punda zaidi.)

Sayanidi hung'ang'ania chuma kilichomo ndani ya kimeng'enya, pale pale oksijeni inapotaka kukaa. Hamali wa mwisho kafungwa mikono. Mstari wote wasimama, na punda wamejaa gatini hawana mzigo. Mbuzi wako hakukosa hewa: damu yake ilizunguka na oksijeni ikarudi nayo, haikupata wa kuitumia, ndiyo maana iling'aa. Bila njia hiyo, glukosi moja huipa seli ATP 2 tu, badala ya 30 hivi. Moyo na ubongo haviishi kwa 2.

Sasa muhogo wenyewe. Una linamarini, kemikali iliyoificha sayanidi ndani yake, na kimeng'enya cha kuivunja kimetengwa kando. Ukiuponda au kuutafuna, viwili hivyo hukutana, sayanidi ikatoka. Mbuzi ana balaa zaidi, kwani vijidudu vya tumboni mwake huiharakisha kazi hiyo. Bibi yangu alikuwa akikata kincha, akikigusisha ulimi, akitema: "Huu si wa kuchoma." Basi huumenya, akaukata vipande, akauroweka siku tatu, kisha akauanika juu ya jamvi. Kisamvu alikitwanga mpaka kinu kikawa kijani chote, akakichemsha bila kifuniko. Kemia hakuisoma, lakini sayanidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Sufuria ikiwa wazi, hupaa ikaenda zake. Ule mtamu wa kuchoma, wa ndimu na pilipili, endelea kuula.

Maganda ya mchungu usimpe mbuzi mabichi. Yakatekate, uyaanike juani mpaka yavunjike yakikunjwa.

Na kijana wako nimempa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa hilo neno "imeua". Sayanidi haikiui kimeng'enya, hukikalia kiti tu. Ikiwa kidogo, mwili huifunga kwa salfa na kuitoa kwenye mkojo, na hamali akarudi kazini.