Maji ya bamvua mtaani: kabla ya kuchangishana ukuta, kagueni mdomo wa mtaro

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi: nyumba kama 40 upande wa Kunduchi, kati ya barabara na mkono wa bahari wenye mikoko. Barabara ya ndani inajaa maji hata jua likiwaka, vyoo vinarudisha, kuta zinamenyeka, malori yanamwaga kifusi kwenye mikoko, kiwanja kimoja cha chini kiko wazi, na kamati imepanga kila nyumba ichangie ukuta wa kuzuia bahari. Mdau mmoja hapo juu kashauri kila mtu amwage kifusi kwake. Mimi nasema michango isimame kwanza mpaka mjue maji yanapitia wapi. Mtaa wenye mtaro unaoishia baharini mara nyingi hauingiliwi na maji ya kuruka ukingo. Unaingiliwa na maji yanayorudi kinyumenyume ndani ya mtaro wenyewe, na hapo ukuta hata uwe mrefu kiasi gani hausaidii kitu.

Kupima ni kazi ya jioni moja. Dar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji makubwa kabisa ya mwezi (mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata) kilele cha kujaa huangukia karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa la Bandari ya Dar es Salaam, mchague siku ambayo kimo kinapita mita 3.5 na hakuna mvua. Chomekeni mti mmoja nje ya mdomo wa mtaro na mwingine ndani ya chemba ya mtaani, halafu msawazishe alama za miti hiyo kwa mpira wa maji wa mafundi (mpira mwangavu uliojazwa maji, unaoonyesha usawa). Mpira usiwe na kiputo cha hewa hata kimoja ndani, la sivyo alama itadanganya kwa sentimita kadhaa, na hapa sentimita 10 ndizo zinazoamua sebule ya nani inalowa. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, mtu mmoja kila upande aandike kimo kila baada ya nusu saa.

Majibu yanasomeka hivi. Maji ya chembani yakipanda kufuata ya nje, hata kwa kuchelewa kidogo, mlango wenu ni mtaro. Mtaro ukibaki mkavu lakini uwanja unatota kutoka chini, hayo ni maji ya ardhini yanayosukumwa na bahari, na kuziba mtaro hakutayazuia. Yakivuka ukingo kweli, mtaona mstari wa majani ya mikoko na takataka umebaki juu ya ukingo baada ya maji kupwa. Mkiukosa mstari huo, hoja ya ukuta imeshapungua nusu.

Tuseme ni mtaro, kama ninavyohisi. Dawa yake ni valvu ya njia moja mdomoni: kifuniko kinachoning'inia, maji ya ndani hukisukuma yakatoka, na ya bahari hukibana kikafunga. Kwa kalavati la zege kifuniko hufungwa kwenye ukuta wa mbele; kwa bomba la inchi 6 au 8 zipo zinazovishwa bombani. Vifuniko vingi hufa ndani ya miaka michache kwa sababu tatu. Kwanza bawaba: chuma cha kawaida kwenye maji ya chumvi hakidumu, na hata stenlesi ya daraja 304 huanza kutoboka vijitundu, takeni 316, au kifuniko cha mpira mzito kisicho na bawaba kabisa. Pili, chaza na viumbe vingine huganda kwenye kingo, kifuniko kikabaki kimeachama kidole kimoja, na upenyo huo unatosha kujaza mtaa kwa saa tatu. Panguseni kila mwezi maji yakipwa, kwa brashi ya waya. Tatu, takataka. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa na pampasi bado zipo tele, na pampasi moja ikikwama kwenye kifuniko inatosha kukiacha wazi.

Kwa hiyo valvu haiendi bila chujio la nondo. Liwekeni ndani, mita kadhaa kabla ya mdomo: nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita 5 kati yake, zilazwe kwa mshazari ili mtu azikwangue kwa reki akiwa juu. Chujio lililosimama wima huziba haraka na hakuna anayetaka kushuka kulizibua. Na mpangeni kwa jina nani anakwangua, siku moja kabla ya kila bamvua. Kazi ya "wote" hapa mjini tunaijua inavyoishia.

Sasa tatizo ambalo wauza valvu hawalisemi: bahari ikiwa juu, kifuniko kimefungwa, na mvua ikinyesha maji yenu hayana pa kutokea. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na zile za Machi na Aprili zinakutana na masika. Fanyeni hesabu: milimita 50 za mvua kwenye hekta moja ni mita za ujazo 500. Hata nusu ikinywewa na mchanga, 250 zinasubiri kwa saa mbili au tatu mpaka bahari ishuke. Ndiyo maana kile kiwanja cha chini kinachoonekana hakina kazi ni muhimu kuliko ukuta. Kiachwe kiwe bwawa la muda. Pampu ya petroli ya inchi 3 huandikwa kwamba inatoa mita za ujazo 60 kwa saa, lakini ikiwa na mpira mrefu na maji ya matope hesabuni nusu yake.

Hapo ndipo ushauri wa kifusi unapoharibika. Kila anayeinua kiwanja chake anapunguza nafasi ya maji kusubiri, na maji yanahamia kwa jirani wa chini. Mwisho wake barabara inakuwa mto na aliyeanza kumwaga kifusi naye anakosa pa kupitisha gari.

Vyoo ni jambo jingine, msivichanganye na mtaro. Shimo la kunyonyea lililochimbwa chini ya kimo cha maji ya ardhini halinyonyi kitu, linanyonyeshwa. Ukivuta majitaka leo na shimo likajaa kesho kutwa bila watu kuongezeka, pima kwa kijiti wakati wa maji kujaa na kupwa, choo kikiwa hakitumiki. Kimo kikipanda pamoja na bahari, unalipa gari kubeba maji ya bahari. Vuteni siku za maji mafu (bahari isipopanda sana), si bamvua. Kwa wenye tangi la plastiki hili ni la usalama: tangi la lita 2,000 likiwa tupu na limezungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 2, linang'oka na mabomba yake. Zege likizama kwenye maji hubaki na uzito wa kama tani 1.4 kwa mita ya ujazo, hivyo tangi hilo linataka karibu mita 1.5 za ujazo za zege lililofungwa nalo, bila kuhesabu uzito wa udongo wa juu.

Suluhisho la kudumu ni tangi lisilovuja na tuta la kunyonyea la mchanga na kokoto lililoinuliwa, chini yake pakiwa angalau mita 1 juu ya kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini, maji yakipandishwa kwa pampu ndogo. Kwa kiwanja kidogo haiwezekani. Baki na tangi lililofungwa na ratiba ya gari. Kwa dharura, weka valvu ya njia moja kwenye chemba kati ya nyumba na tangi, mahali unapoweza kuifungua na kuisafisha.

Kuta kwa kifupi: msipige rangi ya mafuta wala vigae juu ya ukuta ulioingia chumvi. Ng'oeni plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, pigeni brashi kavu bila kuosha, acheni ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha plasta ya sementi 1, chokaa 1, mchanga wa mto 6. Mchanga wa pwani usiingie humo kabisa.

Tukija kwenye ukuta wa bahari wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inahifadhi mita 60 kutoka ufukweni, na kujenga humo ni suala la NEMC (baraza la taifa la mazingira) na tathmini ya athari kwa mazingira, si la kamati na fundi. Kiufundi, ukuta usio na matundu ya kutolea maji, kokoto na kitambaa cha kuchujia nyuma yake husukumwa na maji ya nchi kavu bahari inapopwa. Wimbi nalo linachimba mchanga miguuni pake na kuupeleka kwingine. Ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa kwa miongo mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito kama Tegeta na Mbezi umechangia, kwa sababu mchanga huo ndio uliokuwa ukilisha ufukwe. Mikoko mliyo nayo inavunja wimbi bure, nanyi mnaachia malori yaikandamize na kifusi.

Kuhusu malori hayo: mikoko ni hifadhi ya misitu chini ya TFS (wakala wa misitu). Pigeni picha zenye tarehe na mahali, mpitishe kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari usainiwe na mtendaji, nakala iende TFS na NEMC. Malalamiko ya mdomo hayana faili. Barua ya mtaro iende TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na mwambatanishe lile jedwali la vimo vya kila nusu saa. Mhandisi akiona namba zilizopimwa ana pa kuanzia.

Mkishapima, lete hapa vitu vitatu: upana wa mdomo wa mtaro, tofauti ya kimo kati ya mdomo na chemba ya chini kabisa, na kama kalavati ni la duara au la mraba. Kwa hivyo tutajua ni kifuniko cha aina gani na kama kiwanja cha chini kitatosha.