Unataka kutengeneza alebrije? Anza na uji wa ngano

Tangu niweke picha za lile joka la karatasi nililokabidhi mwezi uliopita, lile lenye kichwa cha mamba na mapezi ya nguru ambalo sasa linaning'inia kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dar, simu yangu haijapumzika. Asanteni sana jamani, nimelia kwa furaha na sifichi. Ila meseji iliyonikalisha chini niandike ni ya binti mmoja wa Arusha, kasema dada nimependa sana sanaa za Mexico, hasa alebrije, wale wanyama wa ajabu wa kubuni wenye rangi kali, nimeziona Pinterest na mimi nataka nianze kuzitengeneza niuze, naomba unitumie picha za kukopi. Mdogo wangu, picha sikutumii na wala sio uchoyo. Nakuandikia kitu kitakachokufikisha mbali zaidi, na nyie wengine someni pia maana najua wote humu tunataka kitu kimoja, tule kwa mikono yetu na majina yetu yajulikane.

Mimi sanaa hii niliikuta Chicago. Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, wenzangu wengi pale ni Wamexico, siku ya ofu wakawa wananichukua tunaenda Pilsen, mtaa wao, kuna makumbusho inaitwa National Museum of Mexican Art, ilifunguliwa 1987 na mpaka leo kuingia ni bure. Kwa mtu ambaye mshahara ukitoka nusu inaenda nyumbani Utete, Rufiji, kwa mama, hiyo bure ndo iliyonipitisha mlangoni. Ndani nikakuta mifupa ya watu ya kutengenezwa imevaa kofia inapiga gitaa, inacheka, inauza matunda, na pembeni mnyama ambaye sijawahi kumuona popote, ana rangi ambazo macho yangu yalikuwa yanazitafuta tangu niondoke nyumbani. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha.

Mwenzangu mmoja mama mkwe wake alikuwa fundi wa vitu hivyo, ametokea Jiji la Mexico, kila mtu anamwita Doña, yaani Bibi kwa heshima, na mimi nikamwita hivyohivyo. Nikaomba anifundishe. Somo la kwanza lilikuwa kuchana karatasi, yaani kuchana tu, jioni nzima. Alikuwa hataki kuona mkasi. Karatasi ukiikata kwa mkasi ukingo wake unabaki kama ngazi na utauona mpaka juu ya rangi, ila ukiichana kwa mkono zile nyuzi za karatasi zinalala, zinashikana na tabaka la chini na pakikauka hujui kipande kimeanzia wapi. Halafu ule uji, wenyewe wanaita engrudo, unga wa ngano unaukoroga kwenye maji ya baridi kwanza usiwe na madonge ndo unamimina kwenye maji yanayochemka, unakoroga mpaka ung'ae. Karatasi ni ya kaki. Mifupa ya ndani ni ya matete, carrizo kwa lugha yao, yamefungwa kwa kamba au waya. Basi. Hiyo ndo siri yote, matete, kaki na uji, na mimi nimekulia kando ya mto Rufiji ambako matete yameota hadi nyuma ya choo.

Sasa hawa alebrije wenyewe. Pedro Linares alikuwa fundi wa hizo kazi za karatasi Jiji la Mexico, familia yao ikitengeneza piñata, yale masanamu yanayojazwa peremende na kupasuliwa kwenye sherehe, mifupa ya Siku ya Wafu, sikukuu yao ya kukumbuka marehemu, na masanamu ya Yuda yanayolipuliwa na baruti Jumamosi Kuu kabla ya Pasaka. Mwaka 1936, inavyosimuliwa, akaugua sana akapoteza fahamu, akaota yuko msituni, mawe na mawingu yanageuka wanyama, punda mwenye mabawa ya kipepeo, jogoo ana pembe za ng'ombe, simba ana kichwa cha tai, na wote wanapiga kelele neno moja, alebrijes. Alipopona akaanza kuwatengeneza. 1990 serikali ya Mexico ikampa tuzo ya taifa ya sanaa, akafariki 1992, na tangu 2007 Museo de Arte Popular pale mjini kwao wanaandaa gwaride, watu wanasukuma mitaani majitu makubwa ya karatasi yenye rangi hizohizo.

Watu wanapenda kusimulia ile ndoto. Mimi nawaambia tazameni kilichotangulia. Linares kazi ya karatasi alifundishwa na baba yake toka mtoto, siku ndoto inakuja ilikuta mikono iko tayari. Binti, wewe unataka ndoto ya Linares kabla hujachana karatasi.

Nilipopata hela nikaenda Oaxaca, kusini kule, safari yenyewe naruka maana ni mabasi na mabegi tu. Oaxaca alebrije wao ni wa mbao. Anayetajwa kuanza kuchonga hivyo ni Manuel Jiménez wa kijiji cha Arrazola, na leo vijiji kama San Martín Tilcajete familia nyingi zinaishi kwa kazi hiyo. Mti ni wa kopal, ukiwa mbichi ni laini, wanauchonga kwa panga na visu, halafu sanamu inaachwa ikauke miezi kabla ya kuguswa na rangi, ikipasuka wanaziba nyufa kwa vumbi la mbao na gundi. Matawi yake yamepinda hovyo, na hapo ndo nilipofunguka kichwa. Kwenye karakana moja nilimuona mzee ameshika tawi analigeuza, analigeuza, hachongi. Nikauliza, nikaambiwa anamtafuta mnyama aliyemo. Tawi likiwa na kona hapa basi hapo ndo shingo ya kulungu. Hana picha ya kukopi mbele yake hata moja!

Kijiji kingine ni San Bartolo Coyotepec, cha vyungu vyeusi. Zamani vyungu vyao vilikuwa vya kijivu, vigumu, vya kubebea maji na pombe ya mezcal. Miaka ya 1950 akatokea Doña Rosa Real, akagundua kwamba ukikisugua chungu kwa jiwe gumu la quartz kabla hakijakauka kabisa, halafu ukakichoma kwa moto mdogo kidogo kuliko wa kawaida, kinatoka cheusi kinang'aa. Ila kile kinachong'aa hakishiki maji vizuri na kinavunjika kirahisi. Yaani aliamua kupoteza mtungi ili apate pambo, na hilo pambo limelisha kijiji mpaka leo. Mimi hilo nimeliwaza sana. Ufundi ni kujua unapoteza nini.

Na Teotitlán del Valle, kwa wafumaji mazulia, mama mmoja alinisagia wadudu wakavu wa kochinili wanaoishi kwenye dungusi kakati, akaweka maji, rangi nyekundu ikatoka, akakamulia ndimu, mbele ya macho yangu ikawaka kuelekea machungwa. Nakshi za mazulia yao wamezitoa kwenye kuta za mawe za Mitla, magofu ya mababu zao Wazapoteki, jirani tu na hapo. Kwa hiyo nikajiuliza, na sisi kuta zetu ziko wapi? Kanga je? Milango ya Unguja je? Sanamu za shetani za Wamakonde mbona ni ndugu kabisa wa alebrije na tunazipita barabara ya Mwenge kila siku?

Nikarudi nyumbani na hilo swali. Nikatengeneza wanyama wangu, nikawapeleka kwenye galari moja mjini. Mwenye galari akaangalia akasema kazi nzuri lakini mtalii anataka twiga na Mmasai, tuletee twiga. Mwingine akasema mbele za watu kwamba huyu katuletea midoli ya Wamexico. Hiyo ya midoli inaniuma mpaka leo na nikiandika hapa bado naisikia sauti yake. Maana yule mnyama alikuwa mamba wa Rufiji, mamba wa hadithi za bibi yangu, mgongoni nimemchorea pindo la kanga, na ndani ana matete ya kwetu. Kitu cha Mexico kilichokuwemo ni mkono tu, ule uchanaji, ule uvumilivu wa kuacha tabaka likauke ndo uweke lingine. Nilikataa kuchora twiga. Nilikaa kipindi kirefu bila kuuza na nilikataa, na hoteli waliponipigia mwaka huu walisema wanataka kitu ambacho hawajakiona pengine popote.

Kwa hiyo mdogo wangu sikia. Tafuta malighafi iliyo miguuni pako. Linares alitumia karatasi kwa sababu ndo iliyokuwepo. Edward Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar 1968 alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya kupaka baiskeli, ndo iliyokuwepo. Mimi kaki yangu ni mifuko ya saruji, naipata kwa mafundi ujenzi, naifumua, nakung'uta, natoa tabaka za ndani ambazo hazijagusa saruji. Karatasi ngumu ile, inashika vizuri kuliko gazeti. Arusha mna mabua ya mahindi, mna migomba, mna makaratasi ya maboksi ya maua yanayosafirishwa, mnasubiri nini?

Halafu chora mnyama wako. Kaa na wazee wakusimulie. Kila kabila letu lina majitu ya kutisha watoto yamejaa tele na hakuna aliyeyapa mwili. Na sio swala la fahari tu, ni haki pia. Kule Mexico, jimbo la Hidalgo, Tenango de Doria, wanawake wa Kiotomi, kabila la wenyeji, walianza kudarizi wanyama wale wa rangi miaka ya 1960 ukame ulipoharibu mashamba, ndo wakapata pa kushika, na baadaye wabunifu wakubwa wa nguo huko nje wakalaumiwa kwa kuzibeba nakshi hizo bila kuwauliza wenyewe wala kuwalipa. Mwaka 2022 Mexico imeanza kutumia sheria ya kulinda kazi za jamii kama hizo. Sisi ambao vitenge vyetu na sandali zetu za shanga vinakopiwa kila siku, tuwe wa kwanza kumkopi mtu mwingine? Hapana jamani, hapana. Mimi mteja akiniuliza namwambia wazi, ufundi huu nimefundishwa na mama wa Kimexico, mnyama ni wa kwetu Rufiji. Mwambieni hivyo wateja, hawakimbii, wanakaa wanasikiliza na wanalipa vizuri zaidi.

Na wekeni muda kwenye kukausha. Hapo ndo wengi mnaharibu. Tabaka moja, jua, limekauka kabisa ndo la pili, na tabaka la pili lipite kukatisha la kwanza. Likiwa na unyevu ndani utapaka rangi nzuri na baada ya wiki chache linanuka na kuota ukungu. Huku pwani masika sianzi kazi kubwa kabisa. Kwenye maji ya uji mimi nachemsha karafuu kwanza, nachuja, ndo naweka unga, ukungu unapungua sana. Ukimaliza kupaka rangi piga vanishi mara mbili, usisahau tumboni kwenye tundu na chini ya miguu, na usiliweke sanamu sakafuni hata siku moja maana mchwa na mende uji wa ngano wanaupenda, litundike, au liweke juu ya meza mbali na ukuta.