Wazazi wote macho ya kahawia, mtoto macho ya bluu: inawezekana

Mkuu, pole na maneno ya ndugu. Wewe na mkeo mna macho ya kahawia, mtoto ana mwaka na nusu na macho yake ni ya bluu, dada zako wanasema "kwetu hakuna macho ya hivyo", na sasa unauliza kama mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa wako. Anaweza.

Nafanya kazi kliniki ya macho, upande wa vipimo, na swali hili naulizwa na akina baba kuliko unavyodhani. Karibu wote wana mtindo mmoja. Mama akishatoka na mtoto, baba anabaki mlangoni, anauliza kwanza habari za miwani yake mwenyewe, anazungukazunguka, halafu ndiyo anafika kwenye lililomleta. Kwa hiyo hauko peke yako.

Tuanze na rangi yenyewe. Ndani ya jicho la bluu hakuna rangi ya bluu. Ile duara inayozunguka mboni, irisi, ina tabaka la nyuma ambalo karibu kwa kila binadamu ni jeusi, hata kwa mwenye macho mepesi kabisa. Tofauti iko tabaka la mbele. Kukiwa na melanini nyingi pale mbele, yaani ile rangi nyeusi-kahawia ya ngozi, nywele na macho, mwanga unamezwa na jicho linaonekana kahawia au jeusi. Melanini ikiwa kidogo sana, mwanga unapita, unatawanywa na nyuzi za irisi, na unaorudi nje zaidi ni ule wa bluu. Kijani na rangi ya asali ziko katikati. Maana yake ni kwamba wewe na mtoto wako mmetofautiana kiasi cha kitu kilekile. Hakuna kitu kigeni kilichoingia kwake. Na ukiweka jicho chini ya darubini ya kliniki utaona hata hizo rangi tunazozitaja kirahisi zimechanganyika: kahawia karibu na mboni, kijivu pembeni, madoadoa hapa na pale. Fomu inadai neno moja, basi tunaandika moja.

Sasa urithi. Sehemu kubwa ya mambo haya iko kwenye kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi za urithi ndani ya seli, ambako kuna jeni (vipande vya maelekezo ya urithi) mbili jirani, OCA2 na HERC2. OCA2 inatoa protini inayohitajika kutengeneza melanini. HERC2 ina kipande kidogo ndani yake kinachoamua OCA2 ifanye kazi kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 2008 Hans Eiberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walionyesha kwamba badiliko dogo mno kwenye kipande hicho ndilo linalopunguza melanini ya irisi kwa watu wenye macho ya bluu. Walikadiria pia kwamba badiliko hilo lilianza miaka kati ya 6,000 na 10,000 iliyopita, jambo ambalo kwa upande wangu ndilo tamu kuliko yote kwenye habari hii, ila halitakusaidia kwa dada zako.

Kitakachokusaidia ni hiki. Kila mtu ana nakala mbili za kipande hicho, moja ya baba na moja ya mama; yenye lile badiliko tuiite dhaifu, isiyo nalo tuiite yenye nguvu. Nakala moja yenye nguvu kwa kawaida inatosha kuleta macho ya kahawia. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea maisha yake yote na macho ya kahawia huku amebeba nakala dhaifu isiyoonekana, akampa mwanawe, naye akampa mwanawe, vizazi na vizazi bila mtu kushtuka. Siku wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala dhaifu zote mbili. Ni kila mimba, si kila watoto wanne. Watatu wa kwanza wakitoka na macho ya kahawia, wa nne hadaiwi chochote.

Na angalia hapo, mkuu: ili mtoto apate nakala dhaifu mbili, lazima moja itoke kwako. Mkeo peke yake hawezi kumpa zote. Yaani hayo macho ambayo dada zako wanasema si ya kwenu, kwa njia hii ya kawaida nusu yake ni ya kwenu. Kwangu binafsi mtoto wetu wa pili ana macho ya asali yenye ukijani, wakati sisi wazazi tuna macho ya kahawia iliyokoza. Maneno yalianza kidogo, mama mkwe akatoa picha ya kaka yake marehemu, maneno yakaisha. Si kila familia ina picha, lakini kukosa picha si ushahidi wa chochote.

Usije pia ukaangukia ile jedwali ya shuleni inayosema wazazi wawili wa macho ya bluu hawawezi kabisa kuzaa mtoto wa macho ya kahawia. Hiyo ilitokana na kazi za kina Gertrude na Charles Davenport kule Marekani, waliochapisha mwaka 1907, na kwa wakati wake ilikuwa hatua nzuri. Leo tunajua jeni zinazochangia ni nyingi mno. Utafiti uliotoka mwaka 2021, uliohusisha watu karibu 195,000, ulikuta maeneo 61 kwenye jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi ya mtu, yanayohusiana na rangi ya macho. Baadhi yanasukuma kidogo huku, mengine kule. Ndiyo maana wapo wazazi wa macho ya bluu wenye mtoto wa macho ya kahawia. Ni nadra, lakini wapo. Anayetaka kujua baba wa mtoto ni nani apime DNA, kazi hiyo rangi ya macho haiiwezi.

Halafu kuna umri. Baadhi ya watoto huzaliwa na macho mepesi kwa sababu melanini ya irisi bado inatengenezwa. Mabadiliko makubwa huwa ndani ya mwaka wa kwanza, ila kuna wanaoendelea kukoza hadi miaka mitatu hivi. Wa kwako bado anaweza kubadilika, ingawa kwa umri wake nisingeahidi makubwa.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike jibu refu hivi. Katikati ya maelezo yako umepitisha sentensi moja kwamba mtoto akiitwa kwa nyuma mara nyingine hageuki, ukaendelea na habari za ndugu. Hiyo ndiyo imenishtua, kuliko rangi. Kuna hali inaitwa Waardenburg, kwa jina la daktari wa macho wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1951. Inaweza kuleta macho ya bluu inayong'aa, mara nyingine jicho moja bluu na jingine kahawia, kishungi cheupe cha nywele juu ya paji, na kutosikia, sikio moja au yote mawili. Inaweza kutoka kwa mzazi mmoja tu, tena mzazi ambaye dalili zake ni ndogo hata hajijui, au ikaanza upya kwa mtoto mwenyewe. Ikiwa ni hiyo, hesabu yangu ya nusu kwa nusu haihusiki.

Sisemi anayo. Watoto wengi wa umri huo wakinogewa na mchezo hawageuki hata uite vipi. Lakini kusikia kunapimika kwa mtoto mdogo bila maumivu, na asiyesikia anachelewa kuongea, kwa hiyo kila mwezi una thamani. Omba kipimo cha kusikia wiki hii. Siku hiyohiyo mweleze daktari kama macho yake huchezacheza yenyewe au kama anakwepa mwanga, maana hizo ni dalili za ualbino, ambao nao hufanya irisi iwe nyepesi. Na ukimpiga picha kwa flashi ukaona weupe ndani ya mboni, usisubiri miadi, mpeleke hospitali mara moja, kwa sababu saratani ya jicho la mtoto huanza kujionyesha hivyo.

Mkishapima masikio, niandikie hapa majibu yamesemaje, na kama nywele za mbele zina weupe wowote.