Mtoto wa mbwa kujisaidia ndani: mpangie saa za kula

Mkuu, kwa huyo mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anayechafua sebule, jirani anasema umwachie chakula kutwa nzima, shemeji anasema mlo mmoja tu usiku. Siungi mkono hata mmoja. Umri huo mlishe mara tatu, saa zilezile, mlo wa mwisho jioni mapema. Akimaliza tu kulamba sahani ya ugali na dagaa, mtoe nje; haja kubwa mara nyingi huja ndani ya nusu saa. Ukimwona anazunguka huku ananusa sakafu, usingoje. Akijisaidia nje, msifu papo hapo. Na tafadhali, kumsugua pua kwenye mavi acheni kabisa! Anachojifunza ni kukuogopa na kwenda kujisaidia nyuma ya kochi. Maji usimnyime.