Land Rover ya marehemu baba imeshika injini: nibadilishe au nisubiri?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Kasese. Marehemu baba alifanya kazi mgodini Kilembe, na baadaye akanunua Land Rover Series III ya petroli. Mwaka 2016 aliiendesha mwenyewe kutoka shambani, akaiegesha chini ya mwembe, kisha akaugua. Haijaguswa tangu siku hiyo. Sasa nataka kuitumia kubebea mazao. Tumeweka betri mpya, lakini nikigeuza ufunguo stata inalia "ka!" mara moja tu na taa zinafifia. Fundi wa kwanza anasema injini imenoki, ninunue nyingine Kampala. Wa pili anataka tuifunge nyuma ya lori, tuingize gia ya tatu na kuivuta mpaka iachie. Halafu mwaka 2020 maji ya mto Nyamwamba yalifika uani kwetu, sikumbuki yalipanda kiasi gani. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kumpoteza mzee. Na huyo wa lori mwambie leo hii asije.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshaona matokeo yake. Nikiwa bado najifunza kazi Jinja, tulivuta Corolla moja iliyolala miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nilipoachia klachi, tairi za nyuma ziliburuzika kidogo, kisha kikasikika kishindo kimoja kizito na gari likaenda laini. Tulishangilia. Tulipofungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, tukakuta pistoni tatu ni nzima kabisa, na ya nne bado imeng'ang'ania pale pale na konrodi yake, fimbo inayoiunganisha na mhimili wa injini, imekatika. Injini ile ilihitaji siku kumi za mafuta na subira. Sisi tuliipa dakika moja ya lori, na mwenye gari akanunua injini nyingine.

Sasa tuje kwa huyo wa kwanza. Neno "kunoki" sisi mafundi tunalitumia ovyo, na linawagharimu watu fedha. Injini iliyonoki imekufa ikiwa kazini: oili imeisha au imechemka, beringi zimeyeyuka na kuikamata krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kabla ya kuzima hugonga, ko-ko-ko, na kila aliyemo garini husikia. Yako haikufa hivyo. Mzee aliiendesha mpaka nyumbani, akaizima kwa ufunguo. Hii imeshikwa na kutu ikiwa imelala.

Kutu inaingiaje ndani ya injini iliyofungwa? Injini ya silinda nne haizimi kamwe valvu zote zikiwa zimefungwa. Kila mara kuna silinda iliyobaki wazi, ama upande wa kabureta ama upande wa eksozi, na hewa yenye unyevu huingia humo msimu hadi msimu. Kuta za silinda ni chuma cha kumimina, na ringi za pistoni nazo ni chuma. Vinapogusana miaka minane au tisa bila oili, kutu inavigandisha pamoja. Pistoni yenyewe ni alumini, haina kutu hiyo ya kahawia. Kwa hiyo kinachokushikia gari zima huenda ni ringi za silinda moja au mbili tu, mstari mwembamba wa kutu ambao ungeufunika kwa kidole.

Lakini kabla ya kugusa chochote, tuondoe shaka ya mafuriko, maana yale ya Mei 2020 yaliingiza tope mahali pengi. Fungua kopo la chujio la hewa. La Series III lina oili chini yake. Ukikuta tope ndani ya oili hiyo, ujue maji yalipanda mpaka huko, na yumkini yaliingia kwenye kabureta. Kisha weka beseni chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na ulegeze bolti ya kumwagia oili polepole, mzunguko kwa mzunguko. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, ndiyo yatakayotangulia kutoka. Vijiko viwili vitatu vya maji safi ni jasho la injini, visikutishe. Yakitoka maji ya kahawia yenye mchanga, acha yote nitakayoeleza hapa chini. Injini hiyo ifunguliwe yote na isafishwe, kwa sababu ukiizungusha tope litasaga beringi ambazo bado ni nzima.

Tuseme oili imetoka nyeusi tu. Hakikisha sasa kwamba ni injini kweli iliyoshika. Weka gia nyutro. Toa feni belti, kwa sababu pampu ya maji au alteneta ikishika nayo inaweza kukudanganya. Toa stata yenyewe, maana meno yake huweza kujifunga kwenye flaiwili, gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini, na kutoa mlio huo huo wa "ka!". Mzee alikuachia gari lenye nafasi ambayo mengi ya siku hizi hayana: tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele. Tafuta hendeli nyuma ya viti, ipitishe, ujaribu kuzungusha kwa mkono kuelekea mkono wa saa. Nimeshamwona mtu akilia kwa furaha hapo, injini ikizunguka kumbe kosa lilikuwa stata.

Ikigoma, chomoa plagi zote nne. Zikiwa ngumu, zipulizie mafuta ya kulegezea kutu jioni, uzirudie asubuhi. Plagi ikikatikia ndani umejiongezea kazi. Mulika tochi kila tundu. Silinda yenye rangi ya chungwa ndiyo mgonjwa wako.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni oili ya gia za otomatiki, ile nyekundu ya ATF, iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni. Asetoni ni nyepesi mno, hupenya pasipopenyeka na kuivuta oili pamoja nayo. Utaipata kwa wauza rangi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji na manukato, iache mezani. Tikisa chupa kila unapotumia, kwa sababu viwili hivi havipendi kukaa pamoja. Ukikosa asetoni, changanya ATF na dizeli. Inafanya kazi ileile kwa mwendo wa kinyonga. Petroli usiitumie, inaosha oili na kuacha chuma kikavu. Wapo wanaomimina soda. Asidi yake inakula kutu kidogo, kweli, lakini inakuachia maji na sukari ndani ya silinda, na mimi siwezi kuyaweka hayo kwenye injini ninayotaka iishi. Mvuke wa asetoni unawaka haraka sana: toa betri, na jiko la mkaa liwe mbali, na sigara pia.

Kwa bomba la sindano, mimina kama mililita 50 kila silinda, funika matundu kwa kitambaa safi, uende shambani. Rudia kila siku mbili. Wiki ya kwanza usijaribu kuzungusha kitu.

Wiki hiyo ifanyie kazi valvu. Fungua kifuniko cha juu cha rokaamu, vile vikono vinavyosukuma valvu, umwagilie oili kwenye kila springi na shina la valvu. Kisha gonga kila valvu taratibu kwa mpini wa nyundo. Inatakiwa izame kidogo na iruke yenyewe kurudi. Isiyorudi imenata, na ukizungusha injini hivyo, pistoni ikipanda inaweza kuikuta huko chini na kuipiga, au pushirodi, fimbo inayosukuma rokaamu, ikapinda. Endelea kuilainisha mpaka irudi. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa injini imeachia lakini silinda moja haina nguvu.

Siku ya nane, toa rejeta upate nafasi. Weka spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krankishafti, ile inayopokea hendeli, na uirefushe kwa bomba la chuma la mita moja, si zaidi. Chora alama ya chaki nyeupe kwenye puli na nyingine kwenye blok mkabala nayo. Sasa ukiwa umeikabili injini kwa mbele, elekeza bomba upande wako wa kulia, likae kama mkono wa saa kwenye tatu, na utundike kwenye ncha yake jerikeni la lita 20 lililojaa maji. Kilo 20 kwa mita moja ni mzigo wa kutosha, hautavunja kitu, tena hauchoki wala haukasiriki kama kijana mwenye misuli. Weka gogo chini ya jerikeni ili likishuka lisianguke mbali. Kalale.

Asubuhi tazama chaki kabla ya kutazama jerikeni. Alama zikipishana hata milimita tatu, kazi imekwisha nusu. Huo ndio wakati ambao watu huharibu, kwa furaha. Usiendelee kusukuma mbele. Mimina dawa tena, kisha irudishe nyuma kiasi kile kile, mbele tena, nyuma tena, kila safari ukiongeza kidogo. Ya kurudi nyuma usitumie ile nati, utaifungua. Tumia bisibisi pana kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata. Unachofanya ni kuacha ringi zikwangue kutu polepole na mafuta yaibebe. Ukihisi imegota mahali pamoja, usipite kwa nguvu. Rudi nyuma, lainisha, subiri kesho.

Jerikeni likining'inia wiki mbili na chaki haijasogea, toa silinda hedi. Si msiba. Utaona kwa macho silinda ipi imeshika. Juu ya pistoni patakuwa na pete ya kutu: ikwangue kwanza kwa msasa laini na ufute vumbi lote, ndipo uweke kipande cha mti mgumu juu ya pistoni na kugonga kwa nyundo, mapigo mafupi mafupi. Injini ya silinda nne kwa kawaida huzima pistoni zikiwa katikati ya safari, na hapo kugonga kunasaidia. Iliyoko juu kabisa au chini kabisa usiigonge, nguvu yote inaishia kwenye beringi.

Ikishazunguka kwa mkono mizunguko miwili kamili bila kugota, bado usiiwashe. Ile dawa yote imeshukia kwenye sampu. Ikiwezekana ifungue sampu, utoe matope meusi na kuosha chujio la pampu ya oili. Tia oili mpya na filta mpya, kijiko kimoja cha oili kila silinda, rudisha stata, na uzungushe bila plagi mpaka taa ya oili izime. Waya wa koili, ule unaopeleka umeme wa plagi, uwe umechomolewa, kwa sababu matundu ya plagi yatatapika mafuta na cheche inaweza kuyawasha. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa katika kila silinda. Namba yenyewe isikusumbue sana siku ya kwanza, tazama kama silinda nne zinakaribiana. Iliyo chini ikipanda baada ya kutiwa kijiko cha oili, ringi zake bado zimenata, na mara nyingi huachia zenyewe gari likitembea. Petroli ya 2016 imwage yote. Ingiza bomba la kabureta kwenye kidumu cha petroli mpya, usiamini tangi mpaka lioshwe.

Itatoa moshi mzito wa buluu itakapowaka, uwaonye majirani. Baada ya saa moja ya kazi, mwaga tena oili hiyo hata kama inaonekana safi.

Jambo moja litakalokusumbua baadaye: sahani ya klachi nayo huenda imeganda kwenye flaiwili, na gia zitakataa kuingia injini ikiwa inaunguruma. Ikitokea, usiifungue gia boksi haraka. Niandikie kwanza, pamoja na rangi ya kilichotoka kwenye sampu na namba za kompresheni.