Toa kiganja kwenye paji la mbuzi

Jumapili nilipita kwa kijana aliyechukua mwanambuzi kwangu. Nilimkuta uani amechuchumaa, kiganja amekibandika kwenye paji la mbuzi. Mbuzi anasukuma, naye anasukuma, wadogo zake wanacheka na mmoja anarekodi kwa simu. Mbuzi akarudi hatua mbili, akanyanyuka kwa miguu ya nyuma, akashuka na kichwa, pu! kwenye kiganja. Wakapiga makofi. Salamu yangu ya kwanza siku hiyo ilikuwa, "Toa huo mkono."

Wadogo zangu, huyo ni wa nne mwaka huu. Wote ni watu wazuri, wanaamka usiku kupasha maziwa ya chupa, wanawapa mbuzi wao majina. Wote wanafanya kosa lile lile, na nikiwaeleza wananijibu neno lile lile: "Lakini anafurahia." Najua anafurahia. Tatizo linaanzia hapo hapo.

Huku kwetu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, tangu Chuo Kikuu cha Sokoine kilete damu ya mbuzi wa Norwe milimani miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa anakaa kwenye kichanja, anakatiwa majani, anakamuliwa, na anashikwa na mkono wa mtu kila siku ya Mungu. Anakuwa mpole kuliko mbuzi wa machungani. Mgeni akiona upole ule anadhani mbuzi hana haja ya kufundishwa. Kumbe anajifunza muda wote, hata wewe ukidhani mnapoteza muda tu. Kwa hiyo shikeni mambo haya manane.

1. Chukua wawili. Mbuzi wa peke yake analia usiku kucha, na mwisho anakufanya wewe ndiye kundi lake. Ukiwa kundi lake, atakupiga kichwa kama anavyowapiga wenzake. Kama uwezo wa wawili bado, subiri.

2. Usimsukume paji. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na mbuzi dume, jina lake Bosi. Alizaliwa wa tatu katika mapacha watatu, na mama yake alikuwa na chuchu mbili kama mbuzi wengine wote. Maziwa ya dang'a, yale ya kwanza baada ya kuzaa, alipata, lakini kufikia siku ya tatu wenzake walikuwa wanamkanyaga. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu ya mwezi wa sita, nikamleta jikoni, nikamlaza kwenye gunia karibu na mafiga. Mama yangu ndiye aliyempa jina, kwa sababu alikuwa akitaka chupa anakanyaga mguu chini kama anayetoa amri.

Wiki ya tatu pembe zilianza kuchomoza, mbili kama punje za mahindi chini ya manyoya. Alikuwa anakuja kunisugulia kichwa gotini. Nami nikaweka kiganja. Akasukuma. Nikasukuma kidogo, akaruka upande, akarudi. Kila jioni nikitoka shambani nilikuwa nachuchumaa uani na Bosi alikuwa anakuja mbio. Majirani walikuwa wanaleta watoto kuangalia. Nilijivunia sana mbuzi yule.

Alipofika miezi mitano akaanza kunuka ubeberu na kujikojolea ndevu. Kiganja changu kikaanza kuuma baada ya mchezo, nikaacha kucheza naye. Niliacha mimi. Yeye hakuna aliyemwambia kwamba mchezo umekwisha.

Asubuhi moja ya masika, Bosi ana mwaka na ushee, anakaribia uzito wa mfuko wa simenti, mama alimbebea mzigo wa majani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa banda nakamua. Nilimsikia akisema, "Sogea, Bosi," kwa sauti ya kawaida kabisa. Akainama kuweka majani kwenye hori. Bosi akanyanyuka.

Kondoo dume anarudi nyuma, anatimua mbio, unapata muda wa kumwona. Mbuzi ananyanyuka pale pale alipo na kushuka na uzito wake wote. Alimpiga mama ubavuni, mama akaangukia mkono. Nilipofika, Bosi alikuwa amesimama pembeni anatingisha mkia, anasubiri mama ainuke waendelee. Hakuwa na hasira hata chembe. Mkia ule naukumbuka kuliko kilio cha mama.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Akafungwa plasta ngumu, POP, wiki sita. Katika wiki hizo sita nilipika mimi, nikafua mimi, na nikapata muda wa kufikiri. Nilikuwa nachuchumaa ili tucheze. Kwa Bosi, mtu aliyeinama alikuwa mtu anayeanzisha mchezo. Mama aliinama. Bosi alifanya kile nilichomfundisha kila jioni kwa miezi minne, nikimsifu na kumkuna shingo kila alipokifanya.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilimpiga fimbo kichwani. Kwa beberu, pigo la kichwa ni jibu, naye akajibu. Nikamshika pembe, nikamwangusha chini ili ajue nani mkubwa. Akatulia siku mbili. Siku ya tatu alinisubiri mlangoni. Nilimfanya mpiganaji aliyekuwa mchezaji.

Nikamuuza kwa mtu wa nyama. Siku hiyo nilimvisha kamba, nikatembea naye kutoka bandani hadi barabarani, na kamba ilikuwa imelegea njia nzima. Kutembea na kamba nilimfundisha vizuri. Mnunuzi akasema, "Huyu mbuzi ana adabu." Bosi akapanda gari mwenyewe kwa sababu mimi nilitangulia kuweka mguu.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Mpaka leo asubuhi za baridi anasonga ugali kwa kubadilisha mikono, na mimi huwa natoka nje.

Kwa hiyo: wanambuzi wapigane vichwa wao kwa wao, ni mchezo wao na wana mafuvu ya kazi hiyo. Wewe mkune chini ya kidevu, shingoni, kifuani, begani. Akikuletea kichwa, simama wima, geuka, ondoka. Usicheke, usiseme neno. Mbuzi wa chupa anataka uwepo wako kuliko anavyotaka kupiga. Ukiondoka kila anapoinamisha kichwa, anaelewa haraka. Na kila mtu nyumbani afanye vivyo hivyo, pamoja na mgeni wa Jumapili mwenye simu.

3. Dume ambaye si wa mbegu ahasiwe. Umri na njia zungumza na bwana mifugo, maana mapema mno nako kuna hatari ya kuziba mkojo baadaye. Lakini usingoje mpaka aanze kunuka. Na dume wa chupa akishazoea chupa, mrudishe alale na wenzake, ajue yeye ni mbuzi.

4. Zawadi ya mafunzo iwe ndogo: kipande cha karoti, ganda la ndizi, jani la kabichi. Pumba na mahindi kwa wingi vinachachua tumbo, na mbuzi aliyejaa tumbo hana mafunzo, ana mazishi. Anza na jina. Ita, akigeuka mpe. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Dada mmoja wa hapa bondeni aliwafundisha mbuzi wake kupanda gogo la kukamulia kwa kugonga gogo kwa kijiko, na siku hizi akigonga kijiko kwenye sufuria, mbuzi watatu wanapanga foleni mlangoni kwake. Mumewe analalamika. Mimi naona ni kazi safi kabisa.

5. Kamba: ikivutika simama, ikilegea tembea. Ndiyo siri yote. Usimfunge kamba shingoni kwenye kigingi ukaenda zako sokoni. Mbuzi anazunguka, anaruka ukingo, unarudi unakuta amejinyonga. Nimeitwa mara mbili kuona, na mara zote mbili watoto walikuwa wamekaa pembeni ya mbuzi wakimwita kwa jina.

6. Usimwinamie juu ya kichwa. Akinyanyua shingo ghafla, pembe inakutana na jicho lako au meno yako. Piga goti upande wa bega lake. Na vidole visiende nyuma ya mdomo: mbele juu hana meno, ndiyo, lakini magego yanasaga matawi.

7. Watoto wasimpande mgongoni, na wasiwe naye peke yao kama ana pembe. Wafundishe kusimama wima na kunyamaza. Mwanangu wa miaka saba anajua kuondoka kwa mbuzi bila kukimbia, na ni yeye huwafundisha wageni kuliko mimi.

8. Zoea kumshika kwato, masikio na fizi tangu wiki ya kwanza, kidogo kidogo wakati anakula. Siku ya kukata kwato utanishukuru. Ukiona vidonda na magamba mdomoni, mchezo usimame na usimbusu: vidonda vile vinahamia kwenye ngozi ya mtu. Maziwa chemsha, hata kama mbuzi ni rafiki yako.

Yule kijana wa Jumapili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama amechelewa. Mbuzi wake ana wiki kumi. Tulisimama wote wawili wima uani, mbuzi akaja na kichwa chake, tukageuka tukaondoka. Akabaki katikati ya uwanja anatuangalia, anashangaa. Tukarudi. Akaja tena na kichwa, tukaondoka tena. Mara ya tano alikuja akasimama tu, ameinua kidevu. Kijana akamkuna hapo kidevuni, na mdogo wake akazima simu mwenyewe. Jumamosi wanakuja kwangu na kamba.